Kupima kasi ya vimeng'enya katika maabara ya shule, Mombasa

Kitabu kinasema acha neli katika joto la chumba kwa dakika tano. Chumba cha wapi? Vitabu vingi vya biolojia huchukulia joto la chumba kuwa sentigredi 20 au 25. Kwetu Mombasa, kaskazi ikivuma, kipimajoto cha ukutani husoma 31 au 32 saa nane mchana, na hata Julai wakati wa kusi mchana wetu haufanani na huo wa kitabuni. Kwa kimeng'enya (kwa Kiingereza enzyme), digrii hizo ni nyingi. Katika joto la wastani, kila sentigredi 10 zinazoongezeka huweza kukaribia kuzidisha kasi yake mara mbili.

Niliwahi kuwagawia wanafunzi wa darasa moja wanga uleule na mate yaleyale yaliyopunguzwa kwa maji, wapime muda ambao kimeng'enya cha mate kinaumaliza wanga. Makundi mawili ya upande wa dirishani yakamaliza mapema mno kuliko wenzao. Nilidhani wamekosea kuhesabu sekunde, mpaka nilipotia kipimajoto katika neli zao: 36. Za wenzao zilikuwa 29. Hawakuwa wamekosea lolote, ila jua la alasiri lilikuwa limeingia bila hodi.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na kemikali, unaanza na swali: unapima nini hasa? Jaribio la kimeng'enya ni jaribio la kasi. Unabadilisha jambo moja tu, unashikilia mengine yote palepale, kisha unauliza kazi imeharakishwa au imecheleweshwa kiasi gani. Hapa pwani, jambo gumu kuliko yote kulishikilia palepale ni joto.

Kimeng'enya si mdudu

Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali bila zenyewe kutumika na kwisha. Kila kimoja kina kishimo chenye umbo lake, na kitu kinachoingia humo na kukaa sawasawa ndicho kinachofanyiwa kazi. Umbo likiharibika, kazi inasimama.

Nyumbani tunavitumia bila kuvitaja. Anayetengeneza mishkaki hupaka nyama papai bichi, na kimeng'enya cha papai huanza kuzikata protini za nyama mpaka ikalainika. Hamira ya mahamri nayo imejaa vimeng'enya. Neno enzyme, ambalo wanasayansi wanalitumia kwa vitu hivi, lilibuniwa na Mjerumani Wilhelm Kühne katika miaka ya 1870 kutoka Kigiriki, na maana yake ni "ndani ya hamira". Mwaka 1897 Eduard Buchner aliisaga hamira, akaikamua maji yake, na yale maji yasiyo na chembe hai hata moja yakaendelea kuichachusha sukari. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1907.

Nataja historia hiyo kwa sababu kila muhula nasoma madaftari yanayosema "kimeng'enya kilikufa" au "joto lilikiua". Hakikuwa hai, kwa hiyo hakifi. Andika kwamba umbo lake limeharibika.

Vitu vya kutafuta, na chupa ya kuikagua kwanza

Kwa jaribio la kwanza tutatumia katalesi, kimeng'enya kinachovunja hidrojeni peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Mwili unakihitaji kwa sababu peroksaidi ni sumu inayotengenezwa ndani ya chembe zetu wenyewe. Maini yana katalesi nyingi sana. Mbatata zinayo kwa kiasi, na kwa kweli mbatata ndizo ninazozipendekeza kwa wanaoanza: maini hutoa povu kwa fujo kiasi cha kushindwa kupimika, tena yakilala usiku mmoja katika joto letu yananuka. Ukitaka maini, yanunue asubuhi ileile katika soko la Marikiti au kwa muuza nyama wa jirani, uyaweke kwenye barafu mpaka saa ya somo.

Utahitaji pia karatasi ya kuchujia, panchi ya ofisini, kibano, bika za mililita 100, kipimajoto, saa yenye sekunde (ya simu inatosha), kinu na mchi, na kitambaa safi cha kuchujia.

Peroksaidi inauzwa kwenye duka la dawa. Chupa iliyoandikwa "volyumu 20" ina takriban asilimia 6, na maana ya hiyo 20 ni kwamba mililita 1 ya dawa ikivunjika yote hutoa mililita 20 za oksijeni. Hesabu hiyo ni ya gesi kwenye sentigredi 0. Katika maabara yetu gesi hutanuka, hivyo dawa nzima itakupa mililita 22 au zaidi kidogo.

Hapo ndipo pa kukagulia chupa. Peroksaidi huharibika polepole kwa joto na mwanga, na chupa iliyokaa kabatini tangu mwaka jana inaweza kuwa imebaki nusu. Tia mililita 1 katika neli, ongeza manganisi dioksaidi (unga mweusi unaoivunja peroksaidi haraka) kidogo kwenye ncha ya kijiko, ziba haraka kwa kizibo chenye mpira wa kupitisha gesi, na uikusanye gesi katika silinda ya kupimia iliyojazwa maji na kupinduliwa ndani ya beseni. Mpira lazima uwe wazi muda wote, kwa maana neli ikizibwa kabisa gesi itairusha kizibo. Ukipata mililita 12 badala ya 22, chupa imechoka na asilimia iliyoandikwa juu yake si ya kuaminika. Kazi hii ni ya dakika kumi tu, nayo itakuepusha kuhangaika na majibu yasiyoeleweka.

Vaa miwani ya kinga. Peroksaidi ya asilimia 6 huwasha ngozi na kuiacha nyeupe, na hutoa rangi kwenye sare na mabuibui.

Jaribio la kwanza: kidoa kinachopanda

Wazo ni jepesi. Kidoa cha karatasi kilicholowa katalesi kinazama katika peroksaidi. Oksijeni inajikusanya kama viputo katika nyuzi za karatasi, na vikitosha, kidoa kinapanda juu. Kikipanda haraka, kazi ni ya haraka. Napenda njia hii kwa sababu inaipima kasi ya mwanzo, kabla peroksaidi haijapungua, na kwa sababu haidai kifaa cha gharama.

1. Menya mbatata, pima gramu 20, ikatekate na uiponde kwenye kinu pamoja na mililita 20 za maji baridi. Chuja kwa kitambaa kama unavyochuja tui. Maji yatakayotoka yaweke ndani ya barafu na uyatumie ndani ya saa moja. Yataanza kugeuka rangi ya kahawia, hilo lisikutishe, lakini usiyaache mpaka kesho.

2. Toboa karatasi ya kuchujia kwa panchi upate vidoa 30 vilivyo sawa. Usitumie karatasi ya daftari, hainywi maji ipasavyo.

3. Andaa bika tano zenye mililita 60 kila moja. Ikiwa chupa ni ya asilimia 6: dawa 30 na maji 30 hutoa asilimia 3, dawa 20 na maji 40, asilimia 2, dawa 10 na maji 50, asilimia 1, dawa 5 na maji 55, nusu asilimia, ya tano ni maji matupu.

4. Soma joto la kila bika na uliandike. Ikiwa mbili zinatofautiana kwa zaidi ya digrii moja, zisubiri zifanane. Ziweke zote ndani ya beseni moja la maji, mbali na dirisha na mbali na feni.

5. Shika kidoa kwa kibano, kichovye katika maji ya mbatata kwa sekunde 5, kigusishe kwenye ukingo tone lidondoke, kisha kipeleke mpaka chini ya bika na ukiachie. Anza saa wakati wa kuachia, isimamishe kikifika juu.

6. Rudia mara tatu kwa kila bika, kila mara kwa kidoa kipya.

7. Fanya tena kwa vidoa vilivyochovywa katika maji ya mbatata yaliyochemshwa dakika tano na kupoa. Hivi ndivyo vya kulinganishia. Vikibaki chini, umethibitisha kwamba kinachovipandisha vile vingine ni kimeng'enya, si karatasi wala hewa iliyojificha.

Kabla ya kuanza rasmi, jaribu kidoa kimoja katika asilimia 3. Kikipanda chini ya sekunde 3 huwezi kukipima kwa mkono, ongeza maji katika kimiminika chako cha mbatata. Kikikaa zaidi ya dakika moja, ponda mbatata zaidi kwa maji yaleyale.

Kasi unaipata kwa kugawanya 1 kwa wastani wa sekunde. Tuseme vidoa vitatu vimepanda kwa sekunde 11, 12 na 13: wastani ni 12, kasi ni 0.083. Kidoa kisichopanda kasi yake ni 0. Usiache nafasi tupu kwenye jedwali. Chora grafu, asilimia ya peroksaidi kwenye mhimili wa chini, kasi kwenye mhimili wa wima. Mstari utapanda, kisha huenda ukaanza kulala. Unapolala ni kwa sababu vishimo vya kimeng'enya vimejaa, vyote vina kazi, na kuongeza peroksaidi ni kama kuongeza abiria kwenye steji ya matatu wakati magari yote yamekwisha jaa. Kama mstari wako haujalala kufikia asilimia 3, sema hivyo, usiupinde kwa penseli ili ufanane na wa kitabuni.

Ukitaka kupima athari ya wingi wa kimeng'enya, shikilia peroksaidi kwenye asilimia 2 na punguza maji ya mbatata kwa nusu, robo na thumni. Hatua ni zilezile. Kuna swali moja ambalo wengi huliangukia hapa: ukipunguza kimeng'enya, oksijeni ya mwisho itapungua? La. Mililita 2 za volyumu 20 zitatoa gesi ileile, iwe katalesi ni nyingi au ni haba, mradi umeipa muda na kimeng'enya hakijaharibika njiani. Kinachobadilika ni muda. Wanafunzi wanaokusanya gesi katika silinda, kama kwenye ukaguzi wa chupa, na kuisoma mara moja tu mwishoni hupata mistari iliyolala tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha wanaandika kwamba kimeng'enya hakina athari. Soma kila baada ya sekunde 10.

Jaribio la joto: acha katalesi, tumia wanga

Kwa joto siipendekezi katalesi. Peroksaidi yenyewe huvunjika zaidi ikipashwa moto, na hapo hujui ulichokipima ni kimeng'enya au ni moto. Tumia amilesi, kimeng'enya cha mate kinachokata wanga kuwa sukari ya maltosi, na iodini itakuonyesha wanga ulivyobaki: ukiwapo, rangi ya buluu iliyokoza, ukiisha, iodini hubaki na rangi yake ya kahawia.

Wanga utengeneze asubuhi ya jaribio. Koroga gramu 1 ya unga wa wanga katika maji baridi kidogo, umimine katika maji yanayochemka ufike mililita 100, uache upoe. Unga wa muhogo uliochungwa vizuri nao unafaa. Usiutunze hadi siku ya pili, kwa joto la hapa unachacha.

Mate yatoke kwa mtu mmoja kwa seti nzima, kwa sababu watu hatulingani kwa amilesi. Asukutue mdomo, akusanye mate mililita 2, uyapunguze kwa maji 18. Kila mtu ashike na kuosha neli za mate yake mwenyewe. Na mwezi wa Ramadhani usimwombe mate aliyefunga. Tumia kimea: wimbi lililoloweshwa, likaoteshwa siku mbili tatu, likasagwa na kuchujwa. Kumbuka tu kwamba vimeng'enya vya nafaka iliyoota huvumilia joto kuliko vya mate. Vya kimea cha shayiri hufanya kazi vizuri hata kwenye sentigredi 60, hivyo kilele cha grafu yako kikija juu ya 37 usidhani umeharibu.

Sasa maji. Hili hulikuti katika vitabu vya mbali. Amilesi ya mate inahitaji chembechembe za kloraidi ili ifanye kazi kikamilifu, na kloraidi ndiyo nusu ya chumvi ya mezani. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvichumvi. Ukipunguza mate kwa maji ya kisima Jumatatu na kwa maji ya mvua Jumatano, umebadilisha jambo la pili bila kujua. Tumia maji yaliyokenekwa (distilled), au maji ya mvua kutoka chombo kimoja, kwa kazi yote. Ukiyanunua yaliyokenekwa kwenye duka la vipuri vya magari, soma lebo kwa makini, kwa kuwa asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyohiyo.

Andaa beseni au sufuria tano za maji: ya barafu, ya joto la chumba (soma, uandike namba halisi), 37, 60 na 80. Chupa kubwa ya chai iliyojaa maji ya moto hushika joto vizuri kuliko sufuria juu ya jiko linalozimwa na kuwashwa. Kisha:

1. Tia mililita 5 za wanga katika neli moja na mililita 1 ya mate yaliyopunguzwa katika neli nyingine. Zitumbukize zote mbili katika beseni moja kwa dakika 5 kabla ya kuzichanganya. Ukichanganya kwanza ndipo upashe moto, kimeng'enya kitafanya kazi njiani wakati joto bado linapanda.

2. Panga matone ya iodini kwenye kigae cheupe.

3. Changanya, anzisha saa, na kila sekunde 30 dondosha tone moja juu ya tone jipya la iodini.

4. Andika muda ambao buluu imekoma. Ikipita dakika 10 bila kukoma, simama na uandike kasi 0.

Usitie iodini ndani ya neli ya moto. Buluu ya wanga na iodini hupotea yenyewe ikipata joto kali, na neli ya 80 itakudanganya kwamba wanga umekwisha. Kwenye kigae tone hupoa mara moja, na ukweli unaonekana.

Ukimaliza, usimwage. Neli ya barafu na neli ya 80 zote zimekupa buluu mpaka mwisho. Zinafanana kwa macho, lakini sababu ni mbili tofauti kabisa. Zihamishe zote mbili katika beseni la 37, subiri dakika 5, upime tena. Ile ya barafu itaanza kazi kama kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu baridi iliipunguzia mwendo tu, umbo likabaki salama. Ile ya 80 itabaki buluu. Umbo limevurugika na kupoa hakulirudishi, kama vile yai lililochemshwa halirudi kuwa bichi kwa kutiwa kwenye friji. Maelezo yote niliyowahi kuyatoa ubaoni juu ya baridi na moto hayajawahi kueleweka kama neli hizi mbili zikiwekwa kando kwa kando.

Asidi na alikali

Rudi kwenye vidoa vya mbatata. Wanga na iodini havifai upande wa alikali: hidroksaidi ya sodiamu huondoa rangi ya iodini yenyewe, na utaandika kwamba wanga umekwisha hali umejaa tele.

Changanya maji ya mbatata nusu kwa nusu na siki iliyopunguzwa, katika chombo kingine na maji yaliyokenekwa, katika cha tatu na mmumunyo wa bikaboneti, na kama shule ina hidroksaidi ya sodiamu hafifu, hicho kiwe cha nne. Pima pH (kiwango cha asidi au alikali) ya kila kimoja kwa karatasi ya rangi, acha dakika 5, kisha chovya vidoa na uendelee kama mwanzo katika peroksaidi ya asilimia 2. Katalesi hupenda pH ya karibu na 7. Chombo kilichokutana na siki usikitumie kwa bikaboneti bila kukiosha, maana viwili hivyo hutoa viputo vya kabonidioksaidi, na kidoa kitapanda kwa gesi isiyo ya kwako. Ili kuwa na hakika, achia pia vidoa vilivyochovywa katika siki tupu na bikaboneti tupu.

Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, karatasi ya tatu ya biolojia ina alama 40, na swali la vimeng'enya likija, sehemu ya alama hizo hutoka kwenye uangalifu wa namna hii: kipi kimebadilishwa, vipi vimeshikiliwa, neli ya kulinganishia ni ipi. Andika joto halisi la chumba siku hiyo, 30 kama ni 30.

Peroksaidi iliyobaki kwenye bika imwage kwenye sinki kwa maji mengi. Usiirudishe katika chupa hata ikiwa safi machoni. Tone dogo la maji ya mbatata likiingia humo litaendelea kuivunja dawa yote usiku kucha, na chupa iliyofungwa sawasawa itajaa gesi mpaka kifuniko kiruke au plastiki ipasuke ndani ya kabati.